Kadi inasema amepitiliza, ultrasaundi inasema bado: aanzishiwe uchungu au asubiri?

Wifi_Pangani (17 Desemba, saa 2 usiku)
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Namuulizia wifi yangu, mimba ya kwanza. Hedhi ya mwisho ilianza 2 Machi, mzunguko wake ni wa siku 35 hadi 38. Kadi ya kliniki ina tarehe ya matazamio 9 Desemba. Ultrasaundi ya wiki 12 ilitoa 18 Desemba, na ya wiki iliyopita imetoa 31 Desemba. Leo kapimwa: njia sentimita 1, shingo ya kizazi ndefu na ngumu, kichwa cha mtoto kiko juu. Presha 118/74, maji yanatosha, mtoto anacheza vizuri. Ameambiwa aende kesho akaanzishiwe uchungu kwa sababu amepita wiki 41. Tufuate tarehe ipi?

Mkunga_wa_Zamu
Marahaba. Kabla ya kuzungumzia dawa yoyote, nyoosheni tarehe, maana tatizo lenu liko hapo.

Hiyo 9 Desemba imetoka kwenye kanuni ya kliniki: tarehe ya hedhi jumlisha 7, mwezi jumlisha 9. Kanuni inamchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28, yai likitoka siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35 hadi 38, yai lake hutoka kati ya siku ya 21 na ya 24, kwa hiyo kadi imemtanguliza siku 7 hadi 10. Na ultrasaundi ya wiki 12 imesogeza tarehe kwa siku 9. Vinakubaliana kabisa. Shikeni 18 Desemba. Leo ana wiki 39 na siku 6, hajapitiliza.

Ile ya wiki iliyopita isiwabadilishie tarehe. Mimba ikiwa changa watoto hulingana urefu, ndiyo maana kipimo cha mapema hukosea kwa siku chache tu. Miezi ya mwisho kila mtoto ana umbo lake, na kosa linaweza kufika wiki 3. Lakini msiitupe ripoti hiyo! Mtoto akipimika mdogo kuliko umri wake, muulizeni daktari kama anakua vizuri: uzito uliokadiriwa, mzunguko wa tumbo, damu inavyopita kwenye kitovu. Akionekana kudumaa, hiyo yenyewe ni sababu ya kuanzisha uchungu, hata kabla ya tarehe.

Kama kila kitu ni shwari, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanapendekeza kuanzisha pale mama anapojulikana kwa hakika kufika wiki 41 kamili. Kwake ni 25 Desemba.

Wifi_Pangani
Asante sana. Ila kama mtoto ameshakomaa, siku nane zitabadilisha nini?

Dk_Wodi7
Zinabadilisha shingo ya kizazi. Uchungu wa asili hauanzi ghafla. Tezi za mtoto zilizo juu ya figo huongeza homoni, kondo la nyuma linaitikia, na ile homoni ya projesteroni iliyoutuliza mji wa mimba miezi yote inapungua nguvu. Kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini zinalainisha shingo, na misuli ya kizazi inaota vipokezi vingi vya oksitosini, homoni inayoleta maumivu ya uchungu. Shingo ambayo haijaiva ukiigusa ni ngumu kama ncha ya pua. Iliyoiva ni laini kama mdomo. Ukiweka dripu ya uchungu kwa mwenye shingo ya namna ya pua, misuli inavuta na mlango haufunguki. Mama anachoka, mwishowe anapelekwa kupasuliwa.

Wakunga huipa shingo alama kwa mambo matano: upana, urefu, ulaini, mwelekeo, na kichwa kilipofika. Jumla ya juu kabisa ni 13. Wifi yako yuko kwenye 1 au 2. Kuanzia 8, matokeo hukaribia ya uchungu wa asili. Sita kushuka chini, shingo ivishwe kwanza.

Kuivisha kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni mpira wa mkojo unaopitishwa kwenye shingo, puto lake likajazwa maji mililita 30 hadi 60. Ya pili ni misoprostoli: kidonge cha mikrogramu 200 kinayeyushwa kwenye maji mililita 200, mama anakunywa mililita 25 kila saa 2. Wanaokata kidonge vipande nane wanakosea, kwa sababu vipande havilingani na dozi inakuwa ya kubahatisha. Hii ni kazi ya wodini tu, na aliyewahi kupasuliwa asipewe misoprostoli kabisa.

Dripu ya oksitosini ifuate angalau saa 4 baada ya misoprostoli ya mwisho. Huanza uniti 2.5 kwenye mililita 500, matone 10 kwa dakika, yanaongezwa 10 kila nusu saa mpaka yapatikane maumivu 3 ndani ya dakika 10, kila moja likizidi sekunde 40. Yakizidi 5, dripu ifungwe, mama alale ubavu wa kushoto, mapigo ya mtoto yasikilizwe. Damu haipiti vizuri kwenye kondo wakati kizazi kimekaza, na kizazi kisichopumzika humnyima mtoto hewa. Kinaweza hata kupasuka. Kwa hiyo ulizeni: nani anahesabu matone usiku, na chumba cha upasuaji kiko tayari?

Wifi_Pangani
Na mafuta ya nyonyo? Kuna mama mmoja ameshaleta na mizizi ya kuchemsha.

Mkunga_wa_Zamu
Hapana, dada. Nyonyo huharisha na kumkausha mama maji. Mizizi haina kipimo, na akija kupewa dawa ya hospitali juu yake, kizazi kinaweza kukaza kupita kiasi na hakuna atakayejua kwa nini. Kama ameshakunywa, semeni ukweli mkifika.

Akitaka kusaidiwa bila dawa, kuanzia wiki 40 mkunga anaweza kutenganisha kwa kidole utando wa chupa na shingo ya kizazi, kwa kuwa njia ya sentimita 1 inamruhusu. Hupunguza haja ya kuanzishiwa. Atatokwa na damu kidogo na tumbo litamkaza.

Kesho mwende na ripoti ya wiki 12 mkononi, muombe tarehe isahihishwe kwenye kadi. Chupa ikipasuka, mtoto akipunguza kucheza, damu ikitoka, presha ikifika 140/90, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, mpango wa kusubiri umekwisha. Nendeni saa hiyohiyo.