Propela za Dash 8 Kisumu: shata 1/1000, 1/250 au 1/60? Naomba ulinganisho

Mkazi_wa_Usoma
Hamjambo wadau. Nimenunua Canon ya mtumba na lenzi ya 70-300 yenye kituliza mtikisiko. Kwa kuwa naishi huku Usoma na ndege zinapita karibu na mabati yetu, nikaona nianze nazo. Jumamosi nilipiga Dash 8-400, zile za Jambojet, ikitua asubuhi, shata 1/1000, yaani kamera inafunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndege imetoka safi, maandishi ya ubavuni unayasoma. Ila propela zimesimama tisti, mapanga yote sita unayahesabu. Mdogo wangu akaniuliza, "Hii imezimika injini hewani?"

Jumapili nikashuka hadi 1/60. Propela ikawa duara kama sinia, lakini ndege yenyewe ikawa uji. Picha 80, hakuna hata moja ya kumwonyesha mtu.

Nilinganishieni. Mwanzilishi aweke ngapi?

Kondele_Juu
1/250, basi. Propela inaonekana inazunguka, ndege inabaki kali. Mengine ni mbwembwe.

FundiSaa
Kondele, mwongozo wako ni mzuri ila tueleze kwa nini. Propela ya Dash 8-400 huzunguka mara 1,020 kwa dakika wakati wa kupaa, na kama 850 ikiwa safarini. Chukua 1,020, gawanya kwa 60, unapata mizunguko 17 kwa sekunde. Shata ya 1/1000 ikifunguka na kufunga, panga limesogea nyuzi 6 tu. Ndiyo maana mdogo wako alidhani injini imezima. Kwa 1/250 linasogea kama nyuzi 24, kwa 1/125 nyuzi 49. Pengo kati ya panga na panga, yakiwa sita, ni nyuzi 60. Kwa hiyo ukifika 1/100 mapengo yote yamezibwa na duara limekamilika.

Sasa linganisha na Cessna Caravan, ile ndege ndogo ya abiria: mapanga matatu, hadi mizunguko 1,900 kwa dakika. Kwa 1/250 panga linasogea nyuzi 46, lakini pengo ni 120. Ukipiga hesabu utaona ndege zote mbili zimeziba kama asilimia 40 ya pengo. Nilidhani mapanga mengi yanarahisisha kazi, kumbe yanazunguka polepole na hesabu inarudi palepale. Tofauti iko kwenye shata za haraka, ukitazama ukungu wa panga badala ya pengo: kwa 1/500 Cessna ndogo ya mapanga mawili, ikiwa kwenye mizunguko 2,400, tayari inasogea nyuzi 29 na inaonyesha uhai. Dash 8 kwa 1/500 ni nyuzi 12, bado imeganda.

Na ikitua propela mara nyingi haina kasi ya kupaa, kwa hiyo shuka kidogo zaidi. Ikitembea chini kuelekea maegesho, shuka tena.

Kondele_Juu
Mwalimu, hesabu nimezikubali. Lakini huyu ana kamera ya wiki moja. Ukimwambia 1/100 na lenzi ya 300 atarudi hapa na uji mwingine.

Mama_Lenzi_Kakamega
Uji hautoki kwenye shata, unatoka mikononi. Mwanangu wa Usoma, nikuulize: Jumapili ulikuwa unaifuata ndege na kamera, au uliisubiri iingie kwenye fremu ndiyo ubonyeze? Ukiisubiri, 1/60 haitakupa kitu hata ukiwa na lenzi ya laki tatu.

Simama miguu ikielekea pale unapotaka kupigia, si pale ndege inapotokea. Pindisha kiuno kuipokea ikiwa mbali, viwiko vimebana mbavuni, kisha jifungue taratibu pamoja nayo. Bonyeza kama unavyobonyeza parachichi sokoni kuona kama limeiva, usidunge. Na ukishapiga endelea kuifuata. Wengi wanasimamisha kamera mlio wa shata ukisikika, hapo ndipo picha inapoharibika.

Kwenye hiyo lenzi kama kituliza mtikisiko kina swichi ya 1 na 2, weka 2. Namba 1 inapigana nawe unapogeuza kamera, ikidhani ni mtikisiko. Fokasi weka AI Servo, ile inayofuata kitu kinachosogea, nukta moja ya katikati, ishike kwenye madirisha ya rubani.

Mazoezi usifanyie ndege, zinapita chache. Nenda kando ya barabara ya Busia ukafuate bodaboda saa nzima. Ukiweza kumnasa mwenye boda kwa 1/60, kofia yake kali na spoki zimekuwa ukungu, Dash 8 itakuwa mteremko. Mimi nilianza na tuktuk, zina mwendo wa huruma.

Simu_Tu
Na sisi wa simu? Yangu mapanga yanatoka yamepinda kama ndizi.

FundiSaa
@Simu_Tu simu haipigi picha yote kwa mpigo, inaisoma mstari kwa mstari. Panga linakuwa limehama kabla mstari wa mwisho haujasomwa, ndiyo maana linapinda. Programu haitakuponya. Na wenye kamera, zimeni ile shata ya kimyakimya (ya kielektroniki), nayo inaleta ndizi hizohizo.

Rift_Mpole
Niko Nakuru. Neno moja tu: angalieni mnaposimama. Huku kwetu uwanja wa ndege wa Lanet ni wa jeshi, kamera usiitoe kabisa. Hata Kisumu, simama nje ya uzio mahali pa wazi, na askari akikuuliza mwonyeshe picha na umsalimie vizuri. Mimi niliwahi kujibu kwa kiburi mahali fulani, nikapoteza mchana mzima na kadi ikafutwa.

Kondele_Juu
Kweli kabisa. Na mchana usijisumbue: kuanzia saa nne lami inachemka, hewa inacheza, hata 1/1000 inatoka kama umepiga kupitia maji.

Mkazi_wa_Usoma
Nimerudi. Siku tatu za bodaboda (mmoja alisimama akadhani namwita, nikamlipa hamsini anipeleke hadi Kisian), halafu Jumamosi ndege. Niliweka Tv (mimi nachagua shata, kamera inachagua tundu la lenzi), ISO 100, picha za mfululizo. Matokeo:

1/250: picha 40, kali 22. Propela ina mwendo kidogo.
1/125: picha 60, kali 9. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Duara karibu limejaa, na nyuma miti imekuwa mistari.
1/60: picha 50, moja tu. Tena pua ndiyo kali, mkia umetikisika.

Mama Lenzi, mkia umenishinda.

Mama_Lenzi_Kakamega
Hiyo moja usiifute! Mkia ni kwa sababu ndege ilikuwa karibu na haijakaa ubavu kamili. Pua na mkia vinapita mbele yako kwa mwendo tofauti, huwezi kuvifuata vyote. Subiri iwe sambamba nawe, au rudi nyuma mita kadhaa. Sasa fanya hivi: ndege ikija, piga tano za 1/250 uweke akiba, kisha shuka 1/125. 1/60 iwe ya siku ambayo hujali kurudi mikono mitupu.

Kondele_Juu
22 kwa 40. Nilisema.

Mkazi_wa_Usoma
Umesema, kaka. Swali la mwisho: kwenye picha za 1/60 kuna madoa meusi angani, picha zote, mahali palepale. Nilidhani ni ndege wa ziwani.

FundiSaa
Tundu la lenzi lilikuwa f/22, yaani dogo kabisa? Jua kali na shata ya polepole, kamera imebana tundu hadi mwisho, na hapo vumbi la kwenye kihisi linajitokeza. Nunua kichujio cheusi cha ND8, kinapunguza mwanga mara nane, utarudi karibu f/8. Na vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, usitumie mdomo.

Mkazi_wa_Usoma
Nimeshatumia mdomo.

FundiSaa
Leta kamera dukani.