Msanii amekubali kurekodi video kuhusu wafungwa wa Myanmar. Aseme nini?

KlabuGulu
Habari zenu ndugu. Klabu yetu ya haki za binadamu chuoni imempata mwanamuziki aliyekubali kurekodi video moja kuhusu wafungwa wa kisiasa wa Myanmar. Ametupa saa moja tu. Tumeandika maandishi ya dakika nne, kuanzia mapinduzi ya 1962 hadi leo. Je, ni marefu mno? Na mwishoni amwombe mtazamaji afanye nini?

KalamuYaArua
Kateni. Sekunde 90 zinatosha; kwa Kiswahili cha kusemwa taratibu hayo ni maneno 150 hivi. Ya 1962 yaachieni makala. Mfungwa mmoja, kosa alilobandikwa, ombi moja, basi.

Tazameni video ya mwigizaji Jim Carrey ya Agosti 2007: mtu mmoja mbele ya kamera akimzungumzia Aung San Suu Kyi, kiongozi wa upinzani wa Myanmar aliyekuwa kizuizini, wiki chache kabla watawa wa Kibudha hawajajaa mabarabara ya jiji la Yangon wakiandamana. Mei 2008 wanaharakati wa Marekani wakatoa video 30 za watu maarufu kwa siku 30. Julai mwaka huohuo sheria ya kuzuia vito vya jade na yakuti za Burma (jina la zamani la Myanmar) ikasainiwa Washington. Sisemi video ndizo zilizoipitisha, maana kazi ya kuwashawishi wabunge ilianza zamani. Ila aliyetazama alikuwa na mbunge wa kumpigia simu na mswada wa kumtajia. Yenu inamtuma mtu wapi?

Hapa kwetu anwani ipo. Januari 2024 Uganda ilipokea uenyekiti wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na Myanmar ni mwanachama. Ombi liwe barua kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Kampala: amtaje mfungwa huyo kwa jina katika mazungumzo na serikali hiyo. "Paza sauti" si ombi.

Halafu msanii afanye mazoezi ya jina kabla ya kamera. "Kyi" hutamkwa "chi". Akilikosea, watu watacheka jina na kumsahau mfungwa.

MzeeWaJinja
Mimi sina imani sana na mambo haya. Mwaka 2009 mashabiki wa bendi ya U2 walivaa vinyago vya sura ya Suu Kyi uwanjani. Mwaka 2017 Warohingya, Waislamu wachache wa Myanmar, zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh, na Desemba 2019 mama huyohuyo, wakati huo akiongoza serikali, akasimama The Hague kuitetea nchi yake dhidi ya kesi ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa na Gambia. Waliomfanya mtakatifu wakabaki midomo wazi. Na umaarufu wenyewe haukingi: Phyo Zeya Thaw alikuwa rapa, kisha mbunge. Hun Sen, waziri mkuu wa Kambodia na mwenyekiti wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, wakati huo, alimwandikia mkuu wa jeshi la Myanmar kuomba hukumu za kifo zisitekelezwe. Julai 2022 wakamuua pamoja na wenzake watatu.

KalamuYaArua
Ndiyo maana nasema kosa na sheria, si sifa. Msanii asiseme "shujaa" wala "mama wa taifa". Aseme fulani amefungwa na mahakama ya kijeshi kwa maneno aliyosema. Sentensi hiyo haigeuki hata mfungwa akitoka na kuwa mwanasiasa mbovu. Kuhusu kinga, mzee, nakubaliana nawe, na msiiahidi familia.

FundiMtandao
Hamjagusa ridhaa, na hapo ndipo kampeni nyingi huharibika. Mfungwa asitajwe mpaka familia au wakili wake akubali. Pitieni AAPP, chama kilichoanzishwa na wafungwa wa zamani huko Mae Sot, Thailand, mwaka 2000. Wao wanatunza orodha. Msiwatafute ndugu zake Facebook wenyewe. Tangu Februari 2021, jeshi lilipopindua serikali, kifungu cha 505(a) cha sheria ya jinai ya Myanmar kinampa mtu hadi miaka 3 kwa maneno tu, na Aprili ile televisheni ya taifa ilikuwa ikitangaza waigizaji na wanamuziki wanaosakwa. Mwigizaji Paing Takhon alihukumiwa miaka 3. Msimtagi yeyote aliye ndani ya nchi, hata kwa nia njema. Atakayefuatwa usiku si msanii wenu.

Picha mtakayotumiwa ina taarifa za mahali na saa ndani yake. Zifuteni, au pigeni picha ya skrini na kutumia hiyo.

Facebook hapa imefungwa tangu Januari 2021 na si kila mtu ana VPN, hivyo tegemeeni WhatsApp. Kwa 480p na megabiti 1 kwa sekunde, sekunde 90 ni MB 11 au 12. Msizidishe sana hapo. Maneno yaandikwe ndani ya video yenyewe, wengi hutazama bila sauti.

KlabuGulu
Asanteni sana. Na redioni akiulizwa mbona hawasemei wafungwa wa nyumbani?

KalamuYaArua
Ataulizwa, tena swali la kwanza. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema raia wasishtakiwe kwenye mahakama za kijeshi, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuzirudishia kesi hizo. Mtangazaji hawezi kuliacha hilo lipite. Mwandikieni jibu la sentensi mbili, alisome na wakili mapema. Asipotaka kulisema hewani, mahojiano yafutwe, video itoke peke yake.