Mrejesho: nyuzi za gitaa kushika kutu
Jamani nimerudi. Niliuliza mwezi uliopita mbona nyuzi za gitaa langu zinashika kutu haraka, niko hapa Entebbe karibu na ziwa. Mkasema ni jasho la vidole na unyevu, na kweli, sasa kila nikimaliza kupiga nafuta uzi mmoja mmoja juu na chini kwa kipande cha fulana kikavu, siku ya kwanza kilitoka na mistari sita myeusi nikashtuka sana! Nyuzi mpya bado zinang'aa, wiki ya nne hii. Mafuta ya kupikia nilokuwa nataka kupaka kwenye shingo ya gitaa nimeacha, yanachacha na kunata. Asanteni mno, Jumapili kanisani mpiga kinanda kaniuliza kama nimenunua gitaa jipya.