Vimbunga vya Mei na Juni Oman (1890, Masirah, Gonu, Phet, Mekunu): mbona vyote vinaangukia wiki zilezile?

Mwinyi_Ramani

Assalamu alaykum wakuu. Natayarisha jedwali la vimbunga vilivyoipiga Oman mwanzoni mwa kiangazi, la kufundishia jiografia kwa Kiswahili. Mpaka sasa nina hivi: Maskati Juni 5, 1890, kisiwa cha Masirah Juni 13, 1977, Salalah Mei 10, 2002, Gonu Juni 2007, Phet Juni 2010, Mekunu Mei 25, 2018.

Nimekwama sehemu tatu. Kwanza, mbona vyote viko kati ya Mei 10 na katikati ya Juni, Julai hakuna kitu? Pili, Gonu huku naandikiwa kilomita 240 kwa saa, kule 270, nichukue ipi? Tatu, Maskati haikupigwa na upepo wa kasi hiyo kabisa, lakini hasara ikawa kubwa vile. Iliharibiwa na nini hasa?

Na kama kuna kitu kinachoviunganisha vimbunga hivi na huku kwetu Afrika Mashariki, nisaidieni kukiweka.

Kusi_na_Kaskazi

Wa alaykum salaam. Jibu la swali la kwanza ni upepo ambao pwani yote inaujua: kusi.

Kimbunga kinataka mambo mawili kwa wakati mmoja. Bahari iwe na joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, na joto hilo lishuke makumi ya mita, lisiwe la juujuu. Halafu upepo wa chini na upepo wa juu visipishane sana, maana wingu likivutwa huku chini na kusukumwa kule juu, kimbunga kinakatika kiuno. Mwezi Mei Bahari ya Arabuni imeshapigwa jua tangu Machi na upepo ni wa tanga mbili, hauna nguvu, kwa hiyo maji yanafika nyuzi 30 na kupita. Masharti yote mawili yametimia.

Kusi likishika sawasawa, kwa kawaida ndani ya Juni, masharti yote mawili yanavunjika. Kilomita moja hivi kutoka usawa wa bahari kuna mkondo wa upepo mkali unaovuka ikweta upande wa Kenya, unapita Somalia na kukatisha bahari kuelekea India. John Findlater aliueleza mwaka 1969 kwa vipimo vilivyochukuliwa Kenya, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Juu zaidi, kilomita kumi na kitu, upepo unatoka mashariki, yaani kinyume kabisa. Hapo kimbunga hakisimami. Wakati huohuo kusi linasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia na ya Oman, na maji baridi ya kilindini yanapanda kuchukua nafasi yake. Bahari ya Salalah mwezi Julai inashuka chini ya nyuzi 25, na ndiyo maana Dhofar, mkoa wa Salalah, wanapata ukungu na manyunyu ya khareef (majira ya kusi kule) wakati Maskati inaungua.

Kwa hiyo dirisha ni dogo: bahari imeshapata moto, kusi bado halijakaza. Mlango unafunguka tena Oktoba hadi Desemba kusi linapokufa. Julai na Agosti si kwamba haitokei kabisa, ila ni nadra mno. Asna cha mwisho wa Agosti 2024 ni mfano.

Tazama na jambo jingine kwenye orodha yako mwenyewe. Vya Mei (2002 na 2018) vimepiga Dhofar, kusini. Vya Juni (1890, 1977, 2007, 2010) vimepiga Masirah kwenda juu hadi Maskati. Ukanda ambao pepo zinakutana na vimbunga kuzaliwa unasogea kaskazini jua linavyosogea. Ningeweka safu ya latitudo kwenye jedwali ili wanafunzi walione hilo wenyewe.

Noti_Mia

Swali la pili. Nambari zote mbili ni halali, ila zimetoka kwa wapimaji wawili. Idara ya Hali ya Hewa ya India, ambayo ndiyo yenye mamlaka rasmi ya bahari ile, inatoa wastani wa upepo wa dakika 3: hiyo ndiyo 240. Kituo cha vimbunga cha jeshi la Marekani kinatoa wastani wa dakika 1: hiyo ndiyo 270. Ukipima dakika moja tu unanasa kilele ambacho dakika tatu zingekilainisha.

Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba tofauti yote inatokana na dakika. Dakika zinaeleza asilimia chache tu. Chukua Phet: India 155, Wamarekani 230. Hakuna hesabu ya dakika itakayoziba pengo hilo. Sababu ni kwamba hakuna aliyeingia na kipima upepo ndani ya jicho. Kasi inakadiriwa kwa umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti, na wakadiriaji wawili wanaweza kuachana mbali. Chagua chanzo kimoja, kiandike juu ya safu, usichanganye. Mimi ningetumia cha India.

Makosa mengine ninayoyaona mara nyingi kwenye majedwali ya namna hii:

Kilele kuandikwa kama kasi ya kutua. Gonu kilifika kilele Juni 4 kikiwa bado katikati ya bahari, mgandamizo wa hewa umeshuka hadi hektopaskali 920. Kilipokaribia Ras al Hadd, ncha ya mashariki ya Oman, kilikuwa kimeshavuta hewa kavu ya jangwa na kufika kwenye maji yenye joto dogo zaidi, kimepungua sana. Kwa hiyo "Gonu iliipiga Oman kwa kilomita 270" ni kauli ya uongo. Weka safu mbili, kilele na kutua.

Tarehe. Rekodi za kimataifa ziko kwa saa za Greenwich. Oman iko mbele saa 4, sisi saa 3. Tukio la 21:00 Juni 5 Greenwich ni 01:00 Juni 6 Maskati. Hapo ndipo utaona chanzo kimoja kinasema 5 na kingine 6. Na usiandike "saa saba usiku" ndani ya jedwali: mwingine atasoma kwa saa zetu, mwingine kwa saa za Kizungu. Tumia tarakimu za saa 24.

Noti. Rekodi za zamani ziko kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita kwa saa. Noti 145 ni kilomita 268.5, ikazungushwa kuwa 270.

Mwinyi_Ramani

Shukrani mkuu, jedwali litabidi lianze upya, na afadhali. Swali dogo: kwenye Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokuja Mafia tuliambiwa upepo unazunguka kama mshale wa saa. Oman je?

Noti_Mia

Kinyume. Kusini ya ikweta unazunguka na mshale wa saa, kaskazini ya ikweta unaukataa. Matokeo yake ni kwamba upande hatari zaidi nao unabadilika: ukiwa nyuma ya kimbunga, unatazama kinakokwenda, kaskazini ya ikweta upande wa kulia ndio mbaya, kusini ni wa kushoto, kwa sababu hapo kasi ya mzunguko na kasi ya mwendo zinajumlishwa. Gonu kilikwenda kaskazini-magharibi, Ras al Hadd kikaikuta usoni na bahari yote ya Ghuba ya Oman ikawa kulia kwake, ikisukumwa kuelekea pwani ya Maskati na Quriyat.

Hesabu_za_Mvua

La tatu ndilo ningependa lipewe nafasi kubwa kwenye somo lako, maana watu wanahesabu upepo na wanaokufa wanakufa kwa maji.

Anza na hesabu rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwenye kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Sasa chukua bonde la kilomita za mraba 1,000, lipe milimita 100 tu: unapata mita za ujazo milioni 100. Hicho ndicho kiasi kinachoingia bwawa la Wadi Dayqah, karibu na Quriyat, bwawa lenye ukuta wa mita 75. Gonu kilishusha hadi milimita 610 sehemu za pwani. Phet kilishusha 488 Quriyat. Mekunu kiliimwagia Salalah 617 kwa siku nne, karibu mara tano ya mvua ya mwaka mzima.

Halafu angalia ardhi. Nyuma ya Maskati kuna safu ya Hajar. Jebel Shams peke yake inapita mita 3,000. Upepo wa kimbunga unaleta unyevu wa bahari, unaukuta ukuta wa mlima, hewa inapandishwa, inapoa, inamwaga. Na mlima wenyewe ni jiwe tupu: hakuna udongo wa kunywa maji, hakuna msitu wa kuyachelewesha. Yote yanaingia kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu unaopata maji mvua ikinyesha, kwa saa chache.

Wadi Adai ndiyo mfano wa kuonyesha kwenye ramani. Inakusanya maji ya bonde la Amerat, inayabana kwenye korongo jembamba kati ya milima, inayatema Qurum. Na Qurum, pale wadi inapomaliza safari, ndipo palipojengwa maduka, barabara kuu na majumba, kwa kuwa miaka mingi wadi ni changarawe kavu na kiwanja ni tambarare. Siku ya Gonu maji yalishuka kutoka mlimani na bahari ilikuwa imejaa kwa kusukumwa na upepo. Maji ya wadi yalikosa pa kutokea, yakarudi mitaani. Oman ilipoteza watu wapatao 50 na mali ya dola kama bilioni 4.

Watu hawalitegemei hili: katikati ya mafuriko yale, Maskati ilikosa maji ya kunywa. Mji unaishi kwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na mitambo ya Ghubra na Barka yote miwili ilisimama. Ukitaka kuwafundisha wanafunzi udhaifu wa mji uko wapi, anzia hapo.

Kwa wenye jamaa kule, kipimo cha kukumbuka: maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuliinua gari dogo, na sentimita 60 yanachukua magari mengi, hata yale marefu. Wadi huja mvua ikiwa haijanyesha hapo uliposimama, imenyesha mlimani.

Kuhusu 1890: mvua ya Maskati ilipimwa, milimita 286 kwa siku moja, na waliokufa kati ya Maskati na pwani ya Batinah walipita 700. Masirah 1977 walipita 100. Usichore grafu ya "vimbunga vinaongezeka" ukianzia 1890. Kabla ya setilaiti, kimbunga kisichopita juu ya mji au meli hakikuandikwa popote, kwa hiyo uchache wa zamani ni uchache wa macho.

Shamba_Darasa

Ndugu Mwinyi, kiungo cha Afrika Mashariki unacho kwenye orodha yako tayari: Mekunu. Wiki moja kabla yake, Mei 19, 2018, Kimbunga Sagar kilitua Somaliland, magharibi kuliko kimbunga chochote kilichorekodiwa kaskazini mwa Bahari ya Hindi, kikaua watu Somalia, Djibouti na Ethiopia. Lakini Mekunu kilitufikia kwa njia ndefu zaidi.

Maji yake yalivuka milima ya Dhofar yakaingia Rub al Khali, jangwa lisilo na watu, yakaacha maziwa kati ya matuta ya mchanga. Nzige wa jangwani anataga kwenye mchanga wenye unyevu, anachimbia mayai sentimita 10 hivi chini. Mchanga mkavu haumfai. Mvua hiyohiyo inaotesha majani ya kuwalisha watoto. Kizazi kimoja kinachukua kama miezi mitatu, na hali ikiwa nzuri idadi inazidi mara 20 kila kizazi. Oktoba 2018 kikaja kimbunga kingine, Luban, mchanga ukalowa tena kabla haujakauka. Vizazi vitatu vikapita: 20 × 20 × 20 ni mara 8,000. Na kwa kuwa hakuna anayeishi kule, hakuna aliyewaona wala kupuliza dawa.

Kutoka hapo makundi yakaenda Yemen na Iran, kutoka Yemen yakavuka hadi Somalia na Ethiopia mwaka 2019. Desemba 28, 2019 yakaingia Kenya, uvamizi mbaya kuliko wowote nchini humo kwa miaka 70. Februari 2020 yakafika Uganda, Tanzania, na Kongo ambayo haikuwaona tangu 1944. Mkulima wa Samburu au Karamoja alipoteza malisho kwa mvua iliyonyesha Oman mwaka mmoja na nusu kabla.

Kusi_na_Kaskazi

Naongeza safu moja ambayo si kimbunga ila ni ya majira hayohayo, na mwaka uleule wa Mekunu. Juni 26, 2018, Quriyat ilipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku mzima pamoja. Hakuna mahali duniani palipokuwa pamerekodi kiwango cha chini kilicho juu namna hiyo. Upepo ulitoka bara badala ya baharini, ukashuka Hajar. Hewa kavu ikishuka mlima inapata takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100, na ilipofika pwani ilisukuma upepo wa bahari nje. Mlima uleule: ukipokea hewa ya baharini unashusha mafuriko, ukipokea ya jangwani unashusha moto.