Logi za mtandao kwenye kerneli (kiini cha Linux): LOG au NFLOG? Msimu wa korosho unakaribia

Shangani_Mtwara: Wakuu, habarini. Nasimamia mtandao wa chama cha msingi hapa Mtwara. Minada ikianza Oktoba ofisi inafurika, na kila mtu analalamika intaneti nzito. Nataka kuona nani anafungua miunganisho gani, niweze kuwasha na kuzima kumbukumbu hizo seva ikiwa hewani. Nimebaki na njia mbili: LOG ya iptables (kichujio cha pakiti za mtandao cha Linux), au NFLOG pamoja na ulogd2, programu ya kupokea logi. Jioni naweka mojawapo. Ipi?

Bi_Ligula: Ndugu, kerneli toleo gani? Diski gani? Watumiaji wangapi? Bila hayo tunapiga ramli.

MwanaMikindani: NFLOG, sina wasiwasi. LOG inaandika kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kerneli yenyewe, ile unayoisoma kwa amri ya dmesg, ikichanganyika na habari za diski na USB. NFLOG inatoa pakiti nje ya kerneli kupitia netlink (njia ya kerneli kuzungumza na programu), kwa namba ya kundi unayoichagua. ulogd2 inazipokea na kuziweka kwenye hifadhidata ya SQLite au faili la JSON. Ukitaka kuchungulia tu, `tcpdump -i nflog:5` inatosha.

Newala_Juu: Programu ya ziada ya nini? LOG ipo miaka yote. Weka `-m limit` (kikomo cha mistari ya logi), ila taja kiwango mwenyewe, maana usipotaja ni 3 kwa saa, mkupuo wa mwanzo 5. Ukimaliza, `iptables -D`, kanuni imeondoka.

Fundi_Masasi: Kaka Newala, limit hiyo usiitaje kwa kupita tu. Nilikuwa na mashine ya mteja isiyo na skrini, konsoli yake (ujumbe wa kerneli unapotokea) imepitishwa kwenye waya wa siriali, kasi biti 9600 kwa sekunde. Saa nne asubuhi nikaweka LOG juu kabisa ya FORWARD (kanuni za pakiti zinazopita), bila limit, bila `--ctstate NEW` (miunganisho mipya tu). Dakika haikuisha, SSH niliyoingilia kwa mbali ikaganda. Ping ikawa inajibu kwa kuchelewa, mwisho ikanyamaza. Nikawalaumu watoa huduma, nikapanda bodaboda hadi kwa mteja, nikakuta mashine inawaka ila haisikii chochote. Nilichomoa umeme.

Hesabu niliipiga baadaye. 9600 inapitisha herufi kama 960 kwa sekunde. Mstari wa LOG unakaribia herufi 200. Basi ni mistari mitano hivi kwa sekunde, na kerneli inasubiri herufi zitoke, huku pakiti zinaingia kwa mamia. Siku hizi kabla ya kanuni yoyote naandika `dmesg -n 1`. Konsoli inanyamaza, ujumbe unaendelea kuingia kwenye faili. Yule mteja alipoteza asubuhi nzima ya kazi na bado linaniuma.

Shangani_Mtwara: Pole sana, Fundi. Kwangu ni Debian kwenye Raspberry Pi 4, kadi ya SD, watu kama 40. Swali: nikiweka mpangilio wa kerneli (sysctl) `net.netfilter.nf_log.2=nfnetlink_log`, kanuni zangu za LOG zitahamia ulogd2?

MwanaMikindani: Ndiyo, 2 ni IPv4, 10 ni IPv6. Zinahama papo hapo.

Bi_Ligula: Namba ni sahihi, jibu si sahihi. Kanuni ya `-j LOG` inajichagulia njia yake, sysctl hiyo haiigusi. Zinazoifuata ni logi za kerneli yenyewe, kama za `nf_conntrack_log_invalid` (pakiti batili). Wewe Shangani, badilisha kanuni zenyewe. Na ulogd2 ikizidiwa, bafa ya netlink inajaa na pakiti zinapotea kwenye kumbukumbu, kwa hiyo NFLOG nayo chuja NEW tu.

MwanaMikindani: Nimekuelewa, dada. Nilikuwa nimechanganya.

Newala_Juu: Kadi ya SD na logi za watu 40! Itachakaa kwa kuandikwa, utanunua kadi kila msimu. Tafuta SSD kwanza.

Fundi_Masasi: Na saa je? Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukikatika na intaneti ikachelewa kurudi, logi zitabeba saa ya uongo, hutajua nani alifanya nini lini.

Shangani_Mtwara: Hilo sikuliwaza, na huku umeme unakatika. Moduli ya saa yenye betri nitaipata Mtwara au niagize Dar?

Newala_Juu: Agiza Dar, ije na basi. Nunua na UPS kabisa.

Bi_Ligula: Toleo la kerneli bado hujatuambia.