Tupeane uzoefu: viwanja vidogo vya gofu, nani alikulia huko?

KediWaZamani
Jamani leo nimepita barabara ya Lamu nikaona mtoto kabeba aini moja, ile fimbo ya gofu ya chuma, begani, moja tu, hana begi wala viatu, anatembea na haraka zake. Nikakumbuka mbali mno. Wale mliokulia karibu na uwanja mdogo wa gofu, Malindi, Mombasa ama popote, ule wa mashimo 9, njooni tupeane uzoefu. Makedi (sisi wabeba mabegi ya fimbo), wachezaji, waokota mipira vichakani, wote karibuni.

Naanza mimi. Sisi wa nyumba za nyuma tuliujua uwanja kabla hatujaujua mchezo, tulikua tunapita katikati kwenda shule. Nilipoanza kubeba begi kitu cha kwanza nilichofundishwa na kedi mkubwa si majina ya fimbo, ni upepo. Kusi ikivuma mpira ukiinuka tu umeshakwenda nao, mgeni kasimama amebaki kushangaa. Kwa hiyo kedi wa kwetu kazi yake kumwambia mteja weka hiyo fimbo namba tisa, chukua namba saba, piga nusu, mpira uende chini chini utambae wenyewe mpaka kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Na kaskazi ikiingia yale uliyojifunza miezi yote unayageuza, shimo lililokua gumu linakua rahisi na rahisi ndo linakutoa jasho. Uwanja ni mdogo lakini hauishi utamu, wallahi.

BintiNgomeni
Umenigusa kaka. Mimi si kedi, mimi mchezaji, na kama si mashimo 9 nisingecheza maisha yangu yote. Mashimo 18 ni saa nne na zaidi, mama mwenye watoto na kazi atazitoa wapi? Tisa ni kama saa mbili. Natoka kazini alasiri, natembea, napiga, maghrib naikuta nyumbani. Na uwanja mdogo watu wanajuana, ukikosa wiki moja unapigiwa simu kuulizwa kama unaumwa.

Chotara_wa_Shimoni
Kuulizwa hali, hiyo kweli kabisa dada 👏

Handikapu12
Samahanini lakini tusidanganyane. Tisa si gofu. Ni mazoezi. Gofu ni 18, nendeni Vipingo pale muone uwanja, akina dada wa ligi ya Ulaya wameshacheza mashindano makubwa pale, kuanzia 2019. Huku kwingine unazunguka mara mbili palepale unaita raundi.

BintiNgomeni
Sasa wewe umeingia kwenye uzi wa viwanja vidogo kutafuta nini?

Handikapu12
Kusema ukweli. Uzi ni wa wote.

MzeeWaMbuyuni
Kijana, heshima yako, lakini hapo umenichokoza na mimi jambo hili nalipenda, kwa hiyo kaa nikueleze. Hiyo 18 unayoishikilia haikushuka na wahyi. Wale mabwana wa Leith kule Edinburgh walioandika sheria 13 mwaka 1744, walikua wanacheza uwanja wa mashimo 5. Matano! St Andrews wenyewe, uwanja maarufu kule kule Scotland, raundi yao ilikua 22, mwaka 1764 wakaona mashimo ya mwanzo ni mafupi mno wakayaunganisha, hesabu ikatoka 18, na kwa kua wao ndo waliokuja kua na sauti, wengine wakafuata. Open, yale mashindano makubwa ya Uingereza, ya kwanza kabisa, 1860, ilichezwa Prestwick, uwanja wa mashimo 12, wachezaji 8 tu, wakazunguka mara 3 siku moja, akashinda Willie Park. Halafu njoo Musselburgh, huko huko Scotland. Mashimo 9, narudia, 9, na Open imechezwa pale mara 6 kati ya 1874 na 1889. Na hilo shimo lenyewe unalolitumbukizia mpira, upana wa milimita 108, kipimo chake kimetokana na chombo cha kukatia mashimo cha hao hao Musselburgh cha mwaka 1829, ndo 1891 kikafanywa kipimo cha wote. Kwa hiyo kila ukiputi Vipingo, yaani ukiusukuma mpira shimoni, unaputi kwenye shimo la uwanja wa tisa.

Na hapa kwetu Pwani, Mombasa Golf Club imeanzishwa 1911, mashimo 9 kando ya bahari, unapiga huku meli zinapita kuingia Kilindini. Zaidi ya miaka 100. Utamwambia nani pale si gofu?

FundiNyasi
Mzee mashallah. Hiyo ya shimo la Musselburgh sikuijua na nimekata mashimo miaka na miaka.

Handikapu12
Nimekuelewa mzee na shukrani kwa darsa. Lakini handikapu je, kile kipimo cha uwezo wa mchezaji? Kadi ya matokeo ya mashimo tisa inakubalika?

BintiNgomeni
Inakubalika. Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 unapokea kadi za mashimo 9. Uliza katibu wa klabu yako.

BegiMbili
Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi nikasema siandiki lakini hii ya kubeba begi imenifufulia jambo nililokua nimelizika. Naandika kwa simu mnisamehe mpangilio.

Ilikua msimu wa wageni, Malindi imejaa, mimi ndo kwanza nimemaliza shule na mamaangu anauza samaki wa kupaka, pesa ya begi moja ilikua inatununulia unga na mafuta na kitu kinabaki. Nikapewa bwana mmoja, siwezi kumtaja wala simjui jina lake la pili, mtu mzima, mpole asubuhi yote, ananiita rafiki. Tukazunguka tisa za kwanza vizuri, nikamwonyesha kila kitu, mti wa kulenga, mahali mpira unapoteleza kushuka, akapiga vizuri akafurahi. Tunaanza tisa za pili akavua saa, jua lilikua kali na jasho, nilimwona kwa macho yangu anaitia kwenye begi lakini alikua amenipa mgongo sikuona mfuko gani. Tumemaliza, wenzake wanamsubiri kwenye kivuli, anaingiza mkono hapa, hakuna, pale, hakuna. Akanyamaza. Halafu akanitazama.

Hakusema umeiba. Alimwita msimamizi, akamwambia huyu kijana atoe vitu mfukoni. Mbele ya makedi wote, mbele ya wahudumu, na mbele ya ami yangu aliyekua anafyeka nyasi pale karibu akazima mashine. Nikatoa. Shilingi chache, uzi wa nyavu na kitambaa cha kufutia fimbo. Wakaniambia vua viatu. Nikavua. Wakaniambia geuza mifuko nje, nikageuza, na mmoja akasema labda amempa mwenziwe kichakani, basi na wale watoto waokota mipira nao wakaitwa, wadogo, mmoja analia. Mimi sikulia. Nilikua nawaza tu kwamba habari itamfika mama sokoni kabla sijafika mimi, na Malindi mnaijua, habari haipandi tuktuk, inaruka.

Ami yangu ndo akasema, pole pole, kwa adabu, "mwageni begi lote chini." Yule bwana hakutaka, ati vitu vyake. Ami akarudia. Msimamizi akalimwaga. Saa ilikua ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu cha akiba, kaiweka mwenyewe isikwaruzwe. Akacheka yule bwana, akasema ah, kumbe. Akatoa noti akanipa, kubwa kuliko malipo ya begi. Ami akanitazama. Nikairudisha, nikachukua malipo yangu ya begi peke yake nikenda zangu. Kuniomba radhi hakuniomba, yeye wala msimamizi. Wiki nzima sikurudi uwanjani na unga nyumbani uliisha kweli.

Chotara_wa_Shimoni
😢😢

KediWaZamani
Ndugu yangu pole. Pole sana. Nguo inafuliwa, jina je?

MamaSalma_Maweni
Huyo ami yako Mungu amlipe kheri. Na wewe ungechukua ile noti tu mwanangu, mama alikua anangoja unga. Heshima hailiki.

MzeeWaMbuyuni
La, mama, hapo sikubaliani nawe. Alifanya sawasawa. Angeichukua wangesema kafidiwa, mambo yamekwisha.

MamaSalma_Maweni
Mzee wangu, wewe hukua na watoto wenye njaa siku hiyo. Nasema hivo kwa heshima.

KediWaZamani
Kwa vijana wanaobeba sasa hivi: kabla ya tii ya kwanza, pale pa kuanzia kupiga, hesabuni vitu na mteja mbele ya kedi masta, msimamizi wa makedi. Fimbo zisizidi 14, hiyo ni sheria na ni kisingizio kizuri cha kufungua begi lote. Saa, simu, pesa, zibaki kwenye loka.

Chotara_wa_Shimoni
Ukianza kumhesabia mgeni vitu ataona unamshuku hakupi bahshishi. Bora mifuko midogo usiiguse kabisa, akitaka maji achukue mwenyewe.

FundiNyasi
Sasa kedi asiyetoa maji ni kedi gani? Piga picha begi kwa simu, yaishe. Na kedi masta umpelekee mahamri asubuhi, akukumbuke siku ya shida 😄

Maji_Kwanza
Naomba niseme hata kama mtakasirika. Sisi mitaa ya ndani mfereji unakauka siku kadhaa, tunanunua mtungi, halafu nyasi zinamwagiwa. Viwanja hivi vya nini?

FundiNyasi
Hukosei kuuliza. Lakini nikuambie kutoka ndani, maana hii ndo kazi yangu. Uwanja mdogo sana sana unamwagilia grini na tii, fewei, ile njia ya nyasi kati ya tii na grini, inangoja mvua. Ndo maana mwezi wa pili unaona imekua kahawia, mpira ukidunda unakimbia mpaka mwisho wa dunia, na wachezaji wa kwetu wanapenda hivo. Kuna nyasi inaitwa paspalamu, inavumilia maji ya chumvichumvi, ya kisima ambayo mtu hawezi kunywa. Na sehemu kavu za Afrika wazee walikua hawamwagi kitu kabisa, badala ya grini waliweka mchanga uliochanganywa na oili, ukishaputi unausawazisha na ubao kwa anayekuja nyuma. Uwanja wa 18 unaweza kula hekta 50 na zaidi, tisa ni nusu yake.

Maji_Kwanza
Nimesikia. Bado mtungi naununua mimi lakini.

BintiNgomeni
Na hilo ni haki ulisemee, ndugu yangu. Kisima kikichimbwa cha nyasi, bomba moja litoke nje kwa majirani. Mimi ningeliunga mkono kwenye mkutano wa klabu.

MtuWaShela
Sisi wa Amu (Lamu) uwanja hatuna, lakini gofu tumecheza. Maji yakitoka, ufuo wa Shela unabaki mgumu na sawasawa, tunachimbia mikebe ya samli kwenye mchanga, fimbo ni mti wa mkoko uliopinda chini, mpira ni koma kavu, tunda la mkoma. Mashimo sita, saba, kulingana na mikebe iliyopatikana. Dada zetu walitushinda kila siku kwenye kuputi, sisi tunapiga kwa nguvu koma linaishia baharini. Mzee wa Mbuyuni, hii nayo utaiitaje?

MzeeWaMbuyuni
Naiita gofu, tena ya asili! Scotland nako walianzia kwenye mchanga wa pwani, ardhi isiyolimika. Na wanawake wa St Andrews walikua na klabu yao ya kuputi tangu 1867, uwanja wa vilimavilima wanauita Himalayas, upo hadi leo na yeyote analipa kidogo anacheza. Marekani wakaja na vile viwanja vidogo vya Tom Thumb, alivyovianzisha Garnet Carter mwaka 1927 kule Lookout Mountain, muda si muda watu New York wanaputi juu ya mapaa ya majumba. Dada zako wangeshinda kote huko.

MtuWaShela
Nitampelekea hii dadangu mkubwa, atafurahi mno.

Handikapu12
Swali la haraka. Kunguru akichukua mpira kwenye fewei na kuruka nao? Jumapili watu walitaka kupigana.

Chotara_wa_Shimoni
Pigo moja adhabu.

KediWaZamani
Hakuna adhabu! Kunguru si mchezaji. Ikijulikana ni yeye, unaweka mpira mwingine pale ulipokua, unaendelea.

Handikapu12
Basi nilikua na haki. Ahsante mkuu. BegiMbili, pole kaka, na ukija uwanjani kwetu raundi ni juu yangu, mashimo 9.

BegiMbili
Nashukuru. Jumamosi asubuhi nipo. Begi nitabeba langu mwenyewe.