Mrejesho: vifaranga vya gapi

Wakuu, nimerudi na mrejesho wa lile swali la vifaranga vya gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, kutoweka kila jike akizaa. Mliosema wanaliwa na wakubwa, mmepatia. Safari hii tumbo lilipojaa hadi likawa kama boksi, na lile doa jeusi karibu na mkia limekolea, nikamhamishia jike kwenye beseni lenye majani mengi yanayoelea. Alipomaliza kuzaa nikamrudisha. Vifaranga nawalisha kiini cha yai la kuchemsha, kidogo mno, maana kikibaki maji yanachafuka. Maji ya bomba nayalaza wazi kwanza, klorini itoke. Kichujio ni cha sponji, hakiwavuti. Hita? Kwa joto la kaskazi hii ya Tanga, ya nini! Madume yameanza kuonyesha rangi, na jirani wa Chumbageni kashaweka oda.